Risasi Katika Bongo za Watoto Wetu

Kila mwalimu wa chuo amjua mtoto wa namna hii. Aya aliyosomeshwa asubuhi humpotea kabla ya adhuhuri. Akiketi hatulii, akiitwa haitikii ila mara ya tatu, akiguswa na mwenziwe huruka kwa ghadhabu. Mwalimu husema: huyu ni mtundu. Jirani husema: huyu amechezewa. Baba husema: huyu ataka bakora.

Katika somo hili twataka kuonyesha kuwa iko sababu nyingine, isiyoonekana kwa jicho, iwezayo kumfanya mtoto awe hivyo; na kuwa sababu hiyo imepata kuingia majumbani katika Mikindani yetu hii ya Mombasa. Anayehukumu kabla ya kujua huenda akamdhulumu mtoto, na dhulma haigeuki kuwa malezi kwa kuwa aliyeitenda ni mzazi.

UBONGO NA WAJUMBE WAKE

Ubongo wa mtu mzima una chembe za neva ambazo wataalamu wakadiria kuwa ni kiasi cha bilioni 86. Chembe hizi nyingi hazikushikana. Baina ya moja na ya pili pana mwanya mwembamba mno, usioonekana ila kwa darubini zenye nguvu nyingi. Khabari isafiripo ndani ya chembe huenda kama umeme. Walakini ifikapo ukingoni yataka kuvuka. Mfano wake ni mtu atokaye Likoni kwenda kisiwani. Gari na limchukue mbio litakavyo, likifika ukingoni halina budi kungoja feri. Na feri ya ubongo ni kemikali.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1921 na Otto Loewi, mtaalamu wa mji wa Graz katika Austria. Alichukua mioyo miwili ya vyura ikingali yapiga, akausisimua mshipa wa neva wa moyo wa kwanza hata ukapunguza mapigo yake. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akayatia kwenye moyo wa pili ambao neva yake haikuguswa. Na huo nao ukapunguza mapigo. Basi ikajulikana kuwa neva haitumi umeme peke yake, bali hutoa dawa iendayo na amri. Kwa kazi hiyo yeye na Henry Dale walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Kemikali hizi ni nyingi na kila moja ina kazi zake. Dopamini ina sehemu kubwa katika hamu, katika makini na katika kujizuia. Glutamati ndiyo mjumbe mkubwa wa kujifunza. Ng'ambo ya pili ya mwanya viko vipokezi, navyo ni kama milango imngojayo mjumbe. Kimoja katika hivyo, ambacho wataalamu hukiita NMDA, ni mlango wenye makomeo mawili. Haufunguki kwa sababu mjumbe amefika tu. Yataka pia chembe inayopokea iwe imekwisha kuamka. Yakikutana mawili hayo mlango hufunguka, kalisi huingia ndani, na kuingia kwake ni amri ya kuikaza njia ile ili mara ya pili khabari ipite kwa wepesi zaidi.

Hii ndiyo siri ya kukariri. Mtoto arudiapo aya mara kumi hajazi mtungi, apasua njia. Tena ubongo wa mtoto katika miaka yake ya mwanzo hufunga viungo vingi kuliko vitakavyobaki ukubwani, kisha hukata vile visivyotumika. Ni kama njia za shambani: ipitwayo hubaki, isiyopitwa humea nyasi hata ikasahaulika. Basi wajumbe hawa wa kemikali hawachukui khabari tu, bali ndio wajengao barabara zenyewe. Akiwaharibu mtu wajumbe, ameharibu na mji.

RISASI IINGIAPO

Risasi tuisemayo hapa ni yale madini laini na mazito yaliyomo katika betri za magari. Khatari yake kubwa ni kuwa ndani ya mwili hujifanya kalisi, na mwili huifungulia milango kwa kudhani ni rafiki.

Ikiisha kuingia katika ubongo hufanya uharibifu wa namna tatu. Kwanza, huzifanya feri ziondoke ovyo pasipo abiria, na abiria wa kweli wajapo hukuta feri hazitoshi. Ubongo hujaa kelele, na sauti ya mwalimu humezwa ndani yake. Pili, huuziba ule mlango wa NMDA, hata mtoto akikariri njia isikazike kama ipasavyo. Tatu, huvuruga safari za dopamini, khasa ziendazo sehemu ya mbele ya ubongo, mahali ambapo mtu hujizuia na kungoja zamu yake. Na haya yakitokea katika miaka ile ya kujenga na kukata, huenda ikakatwa njia iliyostahili kubaki.

Mtu mzima naye hudhurika, walakini mtoto hudhurika zaidi. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mtoto mdogo huinyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Naye hucheza mchangani na kutia mkono kinywani. Akiwa ana upungufu wa chuma au wa kalisi, mwili wake huinyonya zaidi. Sehemu kubwa ya risasi huenda ikakaa mifupani kwa makumi ya miaka. Na mwanamke aliyeinyonya utotoni, akichukua mimba, hutoka mifupani mwake ikamfikia mtoto tumboni. Kwa hivyo kiwanda chaweza kufungwa, na madhara yake yakamfuata mjukuu.

Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman wa Marekani alitangaza uchunguzi wa ajabu. Alikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto wa shule, akapima risasi iliyomo. Watoto hao kwa macho walikuwa wazima, wala hapana aliyesemwa kuwa ni mgonjwa. Lakini wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini katika mitihani ya akili, na walimu wao, ambao hawakujua khabari ya meno, waliwaandika kuwa ni watoto wasiotulia na wasiofuata maagizo. Tazama, basi: mwalimu aliandika tabia, na jino likaeleza moja katika sababu zake.

YALIYOTOKEA OWINO UHURU

Haya si mambo ya Marekani tu. Katika Mikindani yetu uko mtaa wa Owino Uhuru, wenye watu kiasi cha 3,000. Mwaka 2007 kilijengwa ukutani pa mtaa huo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Moshi wake uliingia majumbani, na maji yake machafu yakapita penye watoto wachezao. Wanaume waliopata kazi humo walirudi jioni na vumbi katika nguo zao, na baba alipompakata mwanawe hakujua ampa nini.

Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, mwanawe mchanga aliugua, na kipimo kikaonyesha risasi katika damu. Aliacha kazi, akawaongoza majirani kudai haki. Alikamatwa na kushitakiwa, akaachiliwa. Na mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilikwisha kufungwa mwaka 2014. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watoto wa Owino Uhuru walikuwa na risasi nyingi katika damu kuliko watoto wa Bangladesh, mtaa wa jirani zao.

Mwaka 2016 wenyeji walikwenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwahukumia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023. Na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Twawapongeza waliosimama imara. Lakini fedha, ijapokuwa ni haki yao, haziunganishi njia iliyokatika katika ubongo.

HUENDA MTU AKASEMA

Huenda mtu akasema: haya yote ni kudra, na hapana la kufanya. Twamjibu: kudra haikutukataza kuziba paa livujalo, wala kumtafutia mgonjwa tabibu. Waliojenga kiwanda ukutani pa watu walifanya kwa mikono yao, na kilichofanywa kwa mikono chaweza kuzuiwa kwa mikono.

Na huenda mwingine akasema: mkiyasema haya mtaivunja adabu, kila mtoto mtundu apate udhuru. Twasema: hatukusema kuwa kila mtundu ana risasi. Wako watundu kwa utundu, wako wenye njaa, wako wasiosikia vizuri, na wako waliozaliwa wazito wa makini. Hapana awezaye kuijua risasi kwa kutazama uso. Hujulikana kwa kupima damu. Wala adabu haivunjiki. Mtoto kiwete hufundishwa kwenda, lakini hapigwi kwa kuchelewa nyuma ya wenzake. Na bakora haiufungui mlango uliozibwa na risasi. Huongeza khofu juu ya kelele iliyokwisha kuwamo.

Ama wale wampelekao mtoto kwa mganga akafungwe hirizi, na iwe hirizi ya kitu gani, twawauliza: je, hirizi yapima damu? Siku zipotezwazo huko ni siku ambazo mtoto angali akila vumbi lile lile.

YATUPASAYO

La kwanza ni kumwondosha mtoto penye sumu, au sumu penye mtoto. Wakaao karibu na mahali palipoyeyushwa au panapovunjwa betri wasiwaache watoto wacheze katika mchanga wa hapo. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa cha maji, kwani fagio kavu hurusha vumbi. Na mikono ioshwe kabla ya kula. Fundi wa betri avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kuwashika wanawe.

La pili ni wanja. Wanja wa manga wengi wauzwao madukani umekutwa, katika nchi mbalimbali, kuwa ni jiwe la risasi lililosagwa. Mtoto aliyetiwa wanja hupangusa jicho, kisha hutia kidole kinywani. Twawanasihi mama zetu wasiwatie watoto wanja wasioujua asili yake, na jina zuri juu ya kichupa lisiwatoshe kuwa ushahidi.

La tatu ni kupima. Hapana kiasi cha risasi kilichothibiti kuwa ni salama. Shirika la Afya Duniani lataka chanzo kitafutwe na kiondolewe damu ifikapo maikrogramu 5 kwa kila desilita. Zikifika 45, mtoto apewa dawa ya kuitoa hospitalini. Walakini dawa hiyo hairudishi kilichopotea: uchunguzi wa watoto 780 wenye viasi vya katikati, uliotangazwa Marekani mwaka 2001, ulionyesha kuwa dawa ilipunguza risasi katika damu lakini haikuinua akili zao. Kwa hivyo kinga ndiyo tiba iliyo bora.

La nne ni chakula. Maziwa, dagaa, maharagwe na mboga za majani, pamoja na machungwa au maembe, humpa mtoto kalisi na chuma, na mwili ulioshiba hivyo huinyonya risasi kidogo.

La tano ni mafunzo, na hapa pana tumaini. Mwaka 2003 Tomás Guilarte na wenziwe walitangaza kuwa panya waliolelewa na risasi, kisha wakawekwa pamoja na wenzao mahali penye vitu vingi vya kuchezea na kuchunguza, walirudi kujifunza vizuri, na vile vipokezi vya NMDA vikaonyesha kutengenea. Panya si mtu, lakini njia yaonekana. Mtoto mzito apewe aya fupi, arudie mara nyingi siku mbalimbali, akae karibu na mwalimu, achezeshwe na azungumzishwe. Njia iliyokatika haitengenei kwa kupigiwa kelele. Hutengenea kwa kupitwa tena na tena kwa upole.

Basi, enyi walimu wa vyuo na wazazi wa Mikindani, Changamwe na Jomvu, kabla ya kuinua bakora ulizeni kwanza: mtoto huyu alala wapi, acheza wapi, babake afanya kazi gani, na machoni ametiwa nini? Twamuomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, na atuongoze kuwatendea insafu.