Wanga au kalori? Hesabu ianzie chunguni

Mtu wa Ntobeye, wilayani Ngara, akiambiwa aache wanga ili apunguze uzito, ameambiwa aache karibu kila kinachoingia chunguni: ndizi, ugali wa muhogo, ugali wa mahindi, viazi vitamu, hata maharage, ambayo yana wanga pamoja na protini yake. Akiambiwa ahesabu kalori, atahitaji mizani ya jikoni, chakula chenye maandishi kwenye pakiti, na sahani yake peke yake. Lakini kaya nyingi za Ngara na Biharamulo hupika chungu kimoja, na mara nyingi watu hula pamoja kwenye sinia. Ushauri wa namna hii mtu huufuata wiki mbili, kisha huuacha na kujiona mzembe. Si mzembe. Amepewa njia isiyolingana na jiko lake.

Njia zote mbili hufika mahali pamoja: mwili ukipata nguvu pungufu ya ile unayotumia, huchoma mafuta uliyoyahifadhi. Mwaka 2009 Frank Sacks wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watu 811 wenye uzito uliozidi. Wote walipunguziwa kalori, ila wengine walipangiwa wanga mwingi na wengine wanga kidogo. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa yamepungua karibu sawa, kama kilo 4 kwa wastani kwa waliofika mwisho. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Stanford alitoa utafiti mwingine, wa watu 609 kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walishuka kilo 6.0, na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito kitaalamu. Hakuna kundi lililoagizwa kuhesabu kalori. Yote yaliambiwa yale mboga kwa wingi na kuepuka sukari na unga uliokobolewa. Ndani ya kila kundi walikuwemo waliopungua zaidi ya kilo 20, na walikuwemo walioongezeka.

Kwa nini basi wanaoacha wanga husifu njia yao kwa sauti kubwa? Kwa sababu wiki ya kwanza mizani hushuka haraka. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji kama gramu 3. Akiba ikitumika, maji hutoka. Siku utakaporudi kwenye ndizi, maji hayo yatarudi pia, na hapo ndipo wengi hukata tamaa bila sababu.

Ninaloshauri ni kuhesabu, lakini kuhesabu wakati wa kupika, kwa kile unachopima tayari: unga, mafuta na sukari. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,600, na wa muhogo unakaribia hapo. Watu wazima watano wakila ugali wa kilo hiyo kwa mlo mmoja, kila mmoja amepata kalori 720 kabla hajagusa mboga. Mwanamke asiyefanya kazi nzito huhitaji kama 2,000 kwa siku nzima, mwanamume kama 2,500, na anayelima kutwa huhitaji zaidi. Ukipima robo tatu ya kilo badala ya kilo, kila mtu amepunguza kalori 180 kwa mlo huo, na hakuna aliyelazimika kukaa na kalamu mezani.

Mafuta ndiyo yanayotudanganya zaidi, kwa sababu hayajazi sahani. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori karibu 120, iwe ni alizeti au mawese. Familia ya watu watano ikimaliza lita moja kwa wiki, kila mmoja anakula kalori 230 hivi za mafuta kila siku. Usimimine kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko. Kisamvu kilichotwangwa na kuungwa kwa karanga hakihitaji mafuta mengine juu yake, kwani karanga zina mafuta yake, na gramu 100 tu hukaribia kalori 570.

Halafu kuna vinavyonywewa. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimeshapita hapo. Pombe nayo ina kalori 7 kwa gramu ya kileo, na ya ndizi haina msamaha kwa kuwa imetoka shambani kwetu.

Maharage yasipunguzwe. Gramu 100 zilizochemshwa zina kalori kama 130, protini gramu 9 hivi na nyuzinyuzi zinazokaa tumboni muda mrefu. Ndizi na maharage zinapopikwa pamoja, geuza vipimo: maharage yawe mengi, ndizi zipungue, na pembeni pawe na mchicha, majani ya maboga au kisamvu kingi. Dagaa wa Ziwa Victoria wakipatikana, ongeza. Protini hulinda misuli wakati mafuta yanapungua. Hivi ndivyo wanga unavyoweza kupunguzwa Ntobeye bila kununua chakula cha mjini.

Chungu cha wote kina tahadhari moja kubwa. Mtoto hapunguziwi chakula kwa sababu mama au baba anataka kupungua, na Kagera bado ina watoto wengi waliodumaa. Watoto, mjamzito, anayenyonyesha na mkulima mwembamba wapakuliwe kwanza hadi washibe. Anayepungua apunguze kwenye sehemu yake. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi asikate wanga kabla ya kuonana na mtabibu, kituoni au hospitali ya Murgwanza, maana sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha. Dozi hurekebishwa kwanza.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile. Nusu kilo kwa wiki inatosha sana. Pasipo mizani, tumia utepe wa fundi cherehani juu kidogo ya kitovu: mwanamke aliyevuka sentimita 88 na mwanamume aliyevuka 102 wako kwenye hatari kubwa ya kisukari na shinikizo la damu, na utepe ukipungua hata kwa sentimita chache ni habari njema. Lakini uzito ukishuka nawe hujabadili chochote, usishangilie. Nenda ukapimwe kifua kikuu, kisukari na VVU wiki hiyohiyo.