Viza, kibali, makaratasi: neno lipi hufungua mlango wa kazi?

Hapa Luberizi, kijana akiitwa kazini ng'ambo ya mpaka, watu husema "amepata viza" au "ana makaratasi". Jirani yetu mmoja, mwalimu wa Kifaransa mwenye shahada, aliitwa na shule moja ya Dar es Salaam. Aliondoka na barua ya shule, akagongewa muhuri wa matembezi mpakani, na sisi sote tuliamini kwamba hiyo ndiyo "viza ya kazi". Haikuwa hiyo. Baada ya miezi miwili alirudi: nauli imekwisha, nafasi yake amepewa mwingine. Makala hii inauliza ni kwa namna gani neno moja lilimpoteza.

Kuna ruhusa tatu za kutenganisha. Viza ni ruhusa ya kuingia nchini. Kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kuishi humo. Kibali cha kazi ni ruhusa ya kuajiriwa. Katika Kiswahili chetu cha Kivu, "viza" hubeba zote tatu. Wanaisimu huita hali hiyo upanuzi wa maana. Huenda chanzo kiko nyumbani: utawala wa Kongo, kwa Kifaransa, humpa mgeni "viza ya makazi", ingawa kazi yenyewe huhitaji pia karata ya kazi. Kwetu, basi, mtu anaweza kuishi kwa "viza". Kwa jirani zetu sivyo.

Tanzania hutenganisha kazi na ukaazi waziwazi. Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na mwajiri ndiye anayekiomba. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Hapa herufi nazo hutega. Katika vibali vya kazi, Daraja B ni la taaluma zilizotajwa na sheria, kama vile madaktari na walimu wa sayansi na hisabati. Mwalimu wa lugha huangukia Daraja C. Katika vibali vya ukaazi, Daraja B ni la walioajiriwa, na Daraja C ni la wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Kwa hiyo mwalimu wetu alihitaji C kwa kazi na B kwa ukaazi. Anayesema tu "nina kibali cha C" hajasema lolote.

Kenya huenda kwa njia nyingine. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, hati moja humruhusu mtu kuishi na kufanya kazi pia. Daraja D ni la aliyeajiriwa na mwajiri maalumu, mwenye ujuzi usiopatikana kwa urahisi nchini. Daraja C ni la mwanataaluma anayejitegemea. Herufi C ya Nairobi, basi, si C ya Dodoma.

Je, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, haijaondoa mipaka hii? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuhama, lakini kila nchi iliweka ratiba yake ya kada inazozifungua. Mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 bado anatakiwa kuomba kibali, ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba. Itifaki haikufuta kibali. Iliweka utaratibu wa kukipata.

Sisi wa kitivo cha lugha tunahusika kwa njia mbili. Kwanza, wengi wetu tutatafuta kazi ya ualimu au tafsiri huko. Pili, watu wa mtaani watatuletea barua zao tuwasomee. Tukitafsiri "kibali cha ukaazi" kwa neno "viza", tumemtuma mtu safarini bila hati.

Msomaji akiletewa barua ya namna hiyo, aulize maswali matatu: hati hii inaruhusu kuingia, kuishi au kufanya kazi? Nani huiomba, mwajiri au mwenyewe? Herufi iliyoandikwa ni ya orodha ipi, na ya nchi ipi? Jirani yetu sasa anaomba upya. Safari hii shule imetangulia kwa Kamishna, naye amebaki Luberizi akisubiri.