Je, Kazi za Shamba Zinakuruhusu Kufuga Paka?

Mahindi ya mwaka yakishavunwa na kupandishwa darini juu ya meko, panya nao huhama shambani wakaja nyumbani. Kila mwenye ploti huko Gede, Mtondia, Ngerenya, Tezo-Roka au Magarini analijua jambo hili, wala hana haja ya kufundishwa na gazeti. Analotaka kujua ni hili: je, alete paka? Na akimleta, atapata wapi nafasi ya kumtunza, naye alfajiri yuko shambani, mchana yuko chini ya minazi, na msimu wa korosho hata kula kwake ni kwa kusimama?

Swali ni la haki. Paka si jembe, ukimaliza kazi ukalitundika ukutani. Basi tulipime jambo hili pole pole, tukianza na hasara yenyewe.

Panya wa nyumbani aliye mzima hula kiasi cha gramu 15 za nafaka kwa siku. Panya kumi hula gramu 150. Kwa siku 180, yaani tangu mavuno hata karibu na kupanda tena, hizo ni kilo 27, karibu theluthi ya gunia la kilo 90. Na hapo hatujahesabu mahindi waliyoyatafuna kiini tu wakayaacha, wala yale waliyoyakojolea, wala gunia lililotobolewa. Tena panya kumi hawabaki kumi, maana jike hubeba mimba siku 22 hivi, akazaa watoto sita au zaidi kwa mara moja. Mtu mwenye magunia sita ya kulisha watoto mpaka mavuno mengine hawezi kusema kwamba hilo ni jambo dogo.

PAKA HUFANYA NINI HASA

Hapa yafaa tuseme kweli. Wako watu wanaodhani kwamba paka mmoja akiingia, panya wote wamekwisha. Sivyo. Katika mji wa New York, huko Marekani, wataalamu waliweka kamera mahali panapokusanywa takataka, wakatazama kwa siku 79. Habari yao ilitolewa mwaka wa 2018. Katika siku zote hizo paka walionekana kuua panya wawili tu. Panya wa mji ule ni wakubwa na wakali, na paka mwenye akili hapigani na mnyama atakayemuuma. Lakini walipoona paka wako karibu, panya walijificha zaidi.

Habari iliyo karibu nasi zaidi ni ya Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka wa 2018 inaitwa Eswatini. Uchunguzi uliofanywa huko katika miji ya wakulima kama sisi, ukatangazwa mwaka wa 2017, ulionyesha kwamba penye paka na mbwa pamoja, panya hupunguza sana kutembea na kula. Penye paka peke yake, au mbwa peke yake, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo mwenye mbwa tayari ana sababu nzuri zaidi ya kuongeza paka kuliko asiye na kitu.

Paka basi ni msaidizi. Huua panya wadogo na watoto wa panya, na harufu yake huwatisha wakubwa. Kazi iliyobaki ni yako: ghala liinuliwe mita moja kutoka chini, kila mguu wake uvikwe kofia ya bati, na matawi yanayoligusa yakatwe. Asiyetaka kufanya hayo asimlaumu paka.

SAA ZA PAKA NA SAA ZAKO

Kumtunza paka mmoja hakuzidi robo saa kwa siku. Maji safi asubuhi na jioni katika kibakuli kisichopinduka. Chakula jioni, mahali pale pale kila siku, karibu na ghala. Kumtazama kama ana kidonda, kupe au macho yanayotoa maji. Maji yake hayafiki hata chupa moja ya soda. Nasema hivi kwa ajili ya wale wa Magarini, ambao tangu skimu ile ilipoanza miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia, maji ndiyo yaliyokuwa taabu yao kubwa.

Tena paka hulala saa 12 hata 16 katika siku moja. Wewe ukiwa unapalilia, yeye yuko kivulini amelala, wala hana habari nawe. Kwa hiyo shughuli za mchana haziwezi kumzuia mtu kufuga paka. Ulizo lililo kubwa ni la usiku: nani analala hapa nyumbani, siku ngapi katika juma?

Tutazame nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ina mama, nyanya na watoto wa shule. Baba huenda Malindi sokoni mara mbili kwa juma. Hawa wana kazi nyingi, lakini meko yao huwaka kila jioni. Wanaweza kufuga paka bila taabu. Mtoto wa miaka tisa aweza kupewa kazi ya maji, ila mtu mzima atazame kama ameifanya, kwa sababu mtoto ni mtoto.

Nyumba ya pili ni ya mtu mmoja aliyeajiriwa Watamu au Mombasa, anayerudi Jumamosi akaondoka Jumapili jioni. Shamba lake linalimwa na kibarua wa kutwa. Huyu, kwa maoni yangu, asilete paka. Atamwekea chakula cha siku tano? Kitaliwa na siafu siku ya kwanza. Atamfungia ndani? Waislamu wa pwani hii wanaijua hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhi. Atamwacha nje? Baada ya majuma machache paka huyo atakuwa ni wa msitu.

Na hilo la msitu si dogo. Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, umepakana na mashamba ya Gede na Roka. Ndani yake yuko sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama ambaye nje ya misitu ya pwani yetu hapatikani, na ndege wengi wadogo wanaotafuta chakula chini. Paka aliyetelekezwa hachagui.

Kwa njia, msitu huo huo umempa paka wetu sifa duniani. Wagiriama wanaye paka wanayemwita kadzonzo, maana manyoya yake ni kama ganda la mti. Mwaka wa 1978 Bibi Jeni Slater aliwapata watoto wa paka wa namna hiyo shambani mwake karibu na Watamu, akawalea. Baadaye wengine walipelekwa Denmark, na mwaka wa 1993 shirika la wafugaji paka la Ulaya, FIFe, likaikubali mbegu hiyo kwa jina la Sokoke. Watu walidhani ni paka pori. Uchunguzi wa damu ulionyesha ni paka wa kufugwa. Wenyeji walikuwa naye siku zote, wala hawakuhitaji cheti.

CHAKULA CHAKE

Usimshindishe paka na njaa ukidhani atawinda zaidi. Aliyeshiba huwinda vile vile, kwa kuwa kuwinda ni tabia yake. Mwenye njaa huhama, au huanza na vifaranga vya jirani, na hapo ugomvi si wa paka tena.

Sima peke yake haimtoshi. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea vya kutosha kitu kiitwacho taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki; akikikosa muda mrefu hupofuka, na moyo wake hudhoofika. Mpe dagaa, au vichwa na matumbo ya samaki yaliyochemshwa, yamechanganywa na sima kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Vifaranga vyako navyo vifunike kwa tenga mpaka viwe vikubwa.

MAMBO YA KUANGALIA

Mwenye paka aache sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, naye hufa. Chagua kimoja, na katika nyumba yenye watoto wanaotambaa, mimi ningechagua paka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humwua paka, na vidonge vya paracetamol vivyo hivyo. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe iliyobaki.

Mavi ya paka yaweza kuwa na vijidudu vinavyoharibu mimba ya mtu, na ya mbuzi na kondoo pia. Mama mjamzito asiyashike. Mtu mwingine ayafukie kila siku, kwa sababu vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Pumba za mbuzi zifunikwe, paka asizifanye choo.

Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Ugonjwa huu umeandikwa katika Kenya tangu mwaka wa 1912, na bado unaua watu. Paka achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muulize Bwana Mifugo wa wadi yako ni siku gani chanjo inatolewa. Mtu akiumwa au kuparuzwa na paka asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

La mwisho ni uzazi. Jike aweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita, na mimba yake ni siku 63 hivi. Asipofungwa uzazi, mwaka mmoja aweza kukuletea watoto kumi au zaidi, na hapo ile robo saa yako imekwisha. Kazi ya kumfunga uzazi ni ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya usingizi. Usimpe mtu anayehasi mbuzi. Uliza bei yake kabla ya kumleta paka. Ikiwa huiwezi, chukua dume, naye ahasiwe.

Na yule wa nyumba ya pili, anayerudi Jumamosi, hajakosa njia. Mahindi yaliyokauka sawasawa aweza kuyatia katika pipa la bati lenye kifuniko, akatega mitego. Au apatane na jirani mwenye meko yanayowaka kila siku: paka alale kwa jirani, yeye alete dagaa kila Jumamosi, na mbele ya paka kuja wasemezane wazi ni nani atakayelipa chanjo.