MELI YA LIEMBA: SOMO LA UTUNZAJI

Katika Ziwa Tanganyika iko meli moja ya abiria iliyoundwa katika mwaka wa 1913, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Meli hiyo imezama mara mbili na kuinuliwa mara mbili. Imebadilishwa jina, imebadilishwa injini, na imepita katika mikono ya serikali kadha wa kadha. Jina lake ni Liemba. Wenyeji wa ziwa huiheshimu kama mzee wa ukoo, na wapenzi wa meli kutoka nchi za mbali wamesafiri maelfu ya maili ili waipande angalau mara moja. Somo hili laeleza habari za meli hiyo, na hasa laeleza jambo moja limfaalo kila mtu mwenye chombo cha kutunza, nalo ni hili: kwa sababu gani meli hii haikufa zamani?

MELI ILIYOSAFIRI NDANI YA MASANDUKU

Liemba iliundwa katika mji wa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer. Siku zile Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani, nao walitaka meli kubwa ya kuchukua watu na mizigo ziwani. Lakini hakuna njia ya maji iwezayo kuifikisha meli kubwa ziwani kutoka baharini. Kwa hiyo meli ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli za bahari, kisha ikapakiwa katika gari la moshi kwenda Kigoma. Reli ilikuwa imefika Kigoma katika mwaka wa 1914.

Huko Kigoma mafundi watatu Wajerumani, mkubwa wao akiwa Anton Rüter, waliiunga tena wakisaidiwa na wafanya kazi wengi Waafrika na Wahindi. Mabamba ya chuma yaliunganishwa kwa ribiti. Ribiti ni msumari mfupi mnene wa chuma. Hutiwa motoni mpaka uwe mwekundu, ukapenyezwa katika tundu za mabamba mawili, kisha ncha yake ikapigwa nyundo mpaka ilale. Msumari upoapo hujikunja na kuyabana mabamba pamoja. Meli ndefu kama hii, yenye urefu upatao mita 70, hutaka ribiti nyingi mno, na kila moja sharti ikae barabara, maana tundu moja lenye ulegevu ni mlango wa maji.

Tarehe 5 Februari 1915 meli ilishushwa majini. Ilipewa jina la Graf von Goetzen, kwa heshima ya mtu aliyekuwa Gavana wa Wajerumani katika nchi hiyo. Lakini vita vilikuwa vimekwisha anza, na meli iliyokusudiwa kuchukua abiria na bidhaa ikachukua askari na mizinga.

MAFUTA YALIYOIOKOA

Katika mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuondoka Kigoma. Amri ilitolewa meli izamishwe, adui asije akaitumia. Kuzamisha meli ni kazi rahisi. Mtu hupasua upande wake, yakaisha. Lakini mafundi walioiunga kwa mikono yao hawakutaka ifie chini ya maji. Waliipaka mitambo yote mafuta mazito ya grisi, kila pembe na kila kiungo. Wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha polepole karibu na mahali ambapo mto Malagarasi huingia ziwani.

Ni vema kufahamu sababu ya kazi hiyo. Chuma hushika kutu kinapokutana na maji pamoja na hewa. Grisi haichanganyiki na maji, kwa hiyo ilikuwa kama nguo iliyoufunika mtambo, maji yasiuguse. Tena maji ya Ziwa Tanganyika ni maji matamu, na maji matamu hayali chuma upesi kama maji ya chumvi ya bahari.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua meli, lakini ilizama tena katika dhoruba. Ndipo Waingereza, waliokuwa wamepewa kuiangalia Tanganyika, walipoamua kuijaribu. Tarehe 16 Machi 1924 meli ilitoka tena juu ya maji. Mafundi walipoingia katika chumba cha mitambo waliona kwamba injini na matangi ya kupikia mvuke yangali yafaa kwa kazi. Ilikuwa imepita karibu miaka minane tangu mafuta yale yalipopakwa. Meli ilitengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari kwa jina jipya la Liemba. Hilo ndilo jina ambalo Dr. Livingstone aliwasikia wenyeji wa upande wa kusini wakiliita ziwa lao.

Wale walioipaka grisi hawakupata faida yoyote ya kazi yao. Faida ilikwenda kwa watu wengine, hata kwa watoto waliokuwa hawajazaliwa.

KAZI YA MELI KWA WATU WA ZIWA

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na katika maziwa yote ya dunia ni la pili kwa kina. Kando yake milima hushuka mpaka majini, na kwa miaka mingi vijiji vingi havikuwa na barabara ya gari. Kwa watu wa vijiji hivyo Liemba ilikuwa ndiyo barabara yao. Ilitoka Kigoma ikashuka kusini, ikapita mahali kama Karema, Kipili na Kirando, ikafika Kasanga, na mwisho Mpulungu katika nchi ya Zambia, iliyoitwa zamani Rhodesia ya Kaskazini. Safari hiyo ilichukua siku mbili au tatu.

Bandari zenye gati zilikuwa chache. Mahali pengi meli ilisimama mbali kidogo na ufuko, ikapiga honi, na mara hiyo mitumbwi na mashua zikatoka kuilaki. Abiria walipanda na kushuka kutoka mashua hadi mlango wa ubavuni, akina mama na watoto migongoni, na magunia ya dagaa wakavu, mahindi na mananasi yalipitishwa mkono kwa mkono. Hata usiku wa manane kijiji chote kiliamka meli ilipofika, maana ilileta wageni, bidhaa na habari.

Tangu mwaka wa 1948 Liemba ilikuwa mojawapo ya meli za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake makuu Nairobi. Kwa hiyo meli hii ina ujamaa na meli za Ziwa Victoria zilizotia nanga Kisumu.

Meli pia imewasaidia watu walio katika dhiki. Katika mwaka wa 1997 iliwarudisha kwao maelfu mengi ya wakimbizi wa Kongo. Tena katika mwezi wa Mei 2015 watu wengi walikimbia kutoka Burundi wakajaa katika kijiji cha Kagunga, karibu na mpaka. Nyuma yao palikuwa na milima, mbele yao ziwa, na ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umeingia kati yao. Liemba ilitumwa kuwachukua, kundi baada ya kundi, mpaka Kigoma. Mwaka ule meli ilikuwa imetimiza miaka 100 tangu iliposhushwa majini.

JINSI MELI YA CHUMA INAVYOTUNZWA

Mtu aionaye meli ikipita hudhani kwamba kazi ni ya nahodha tu. Kumbe kazi kubwa hufanywa pasipoonekana.

Kwanza ni vita dhidi ya kutu. Kutu huanza hasa mahali ambapo maji na hewa hukutana, yaani kwenye mstari wa maji ubavuni, na ndani chini kabisa, kwenye ngama, ambako maji machafu hukusanyika. Maji ya ngama sharti yapigwe pampu kila siku. Na kila baada ya muda meli hupandishwa katika chelezo, ikakwanguliwa magugu na kutu, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu. Rangi haipakwi ili meli ipendeze tu. Rangi ni ngozi yake.

Pili ni kupima unene wa mabamba. Zamani fundi aligonga bamba kwa nyundo akasikiliza mlio wake: bamba zima lina mlio wa kengele, na bamba lililoliwa lina mlio uliokufa. Siku hizi kiko chombo kinachopeleka sauti ndani ya chuma na kupima mwangwi wake, kikaonyesha unene uliobaki. Bamba lililopungua mno hukatwa, jipya likatiwa.

Tatu ni mitambo. Injini za mvuke za Liemba zilifanya kazi kwa nusu karne hivi, mpaka miaka ya 1970 zilipoondolewa na kutiwa injini za dizeli. Katika mwaka wa 1993 meli ilifanyiwa matengenezo makubwa mengine kwa msaada wa Denmark, ikatiwa injini mpya, na nafasi ya abiria ikafika 600. Injini yoyote hutaka mafuta safi, vichujio safi, na fundi mwenye sikio lililozoea mlio wake. Lazima pia kuangalia mahali ambapo mhimili wa pangaboi hutoka nje ya meli, maana hapo ndipo maji hutafuta njia ya kuingia.

Nne ni uzito. Meli yaweza kuwa na chuma kizuri na injini nzuri, ikapinduka kwa sababu ya mzigo uliopita kiasi au uliowekwa juu mno. Watu wa Afrika Mashariki hawatausahau msiba wa tarehe 21 Mei 1996, wakati meli ya Bukoba, iliyokuwa imejaa kupita kiasi, ilipopinduka karibu na Mwanza katika Ziwa Victoria. Zaidi ya watu 800 walikufa. Abiria akatazwaye kupanda meli iliyojaa asione kwamba ameonewa, huenda ameokolewa.

MAPENZI NA KAZI

Liemba ina wapenzi wengi duniani. Katika mwaka wa 1935 mwandishi Mwingereza C. S. Forester alitoa kitabu kiitwacho The African Queen, na katika mwaka wa 1951 kikatengenezwa filamu. Meli ya Kijerumani inayosimuliwa humo hufananishwa na Graf von Goetzen. Wasomaji na watazamaji wengi walianza kuitafuta meli yenyewe. Wageni hao hupenda kugusa ribiti za kale, hupiga picha, na kuandika vipimo vyake.

Mapenzi hayo ni mazuri, kwa kuwa mtu hakitunzi kitu asichokithamini. Hata hivyo sifa peke yake haiondoi kutu. Mchuuzi wa dagaa wa Kirando huipenda meli kwa namna nyingine. Meli ikilala bandarini kwa ubovu, samaki wake huoza, au yeye hulazimika kupanda mashua ndogo yenye watu wengi, naye hujua kwamba ziwa lina dhoruba. Na fundi, ashukaye chini na taa na kopo la grisi, huipenda kwa namna ya tatu. Bila mapenzi ya fundi, mgeni hana cha kutazama wala mchuuzi hana cha kupanda.

Tena utunzaji hutaka fedha na moyo wa kuitoa mapema. Matengenezo madogo yakiahirishwa mwaka hadi mwaka, hugeuka kuwa makubwa, na chombo kikasimama kwa muda mrefu. Katika miaka ya 2020 Serikali ya Tanzania iliamua kuifanyia Liemba matengenezo makubwa tena. Kazi kama hiyo ni ya gharama nyingi, lakini gharama hiyo yawezekana tu kwa sababu vizazi vya nyuma viliacha meli yenye kufaa kutengenezwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Si kila msomaji ana meli, lakini karibu kila msomaji anacho chombo chenye chuma na mafuta ndani yake: baiskeli, cherehani, mashine ya kusagia unga, au pampu ya maji ya kijiji. Kila kimoja chaweza kuishi miaka mingi au michache, na tofauti aghalabu ni kopo la grisi na mtu akumbukaye kulifungua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mafundi wa mwaka 1916 walipaka mitambo grisi, ingawa waliamriwa kuizamisha meli?
2. Ni sehemu gani za meli zishikazo kutu upesi, na kwa sababu gani?
3. Katika kijiji au mtaa wenu, ni chombo gani kitumiwacho na watu wote? Ni nani aliyewekwa kukitunza, na fedha za matengenezo yake hutoka wapi?