Melanoma ya Unyayo: Jeni za Saratani ya Ngozi kwa Wagonjwa wa Japani

Saratani ya ngozi inapotajwa, wengi humfikiria mtu mweupe aliyechomwa na jua kwa miaka mingi. Huko Japani mambo ni tofauti. Melanoma, ambayo ni saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi yake, huwapata wagonjwa wengi wa nchi hiyo katika unyayo, kiganjani au chini ya ukucha. Hizo ni sehemu ambazo jua halizifikii sana, kwa hiyo kofia na mafuta ya kujikinga na jua haviwezi kuzilinda.

Kijitabu hiki kinawaeleza wasomaji wa Kiswahili habari za Wajapani kwa sababu moja: melanoma inapompata mtu mweusi, mara nyingi nayo huanzia miguuni. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Madaktari wa Japani wameichunguza aina hii kwa miaka mingi, na waliyoyapata yanatuhusu.

Ugonjwa adimu, lakini hatari

Kwa mwaka mmoja, Japani hupata wagonjwa wapya wa melanoma 1 hadi 2 katika kila watu 100,000. Australia hupata zaidi ya 30. Karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa Japani wana melanoma ya nyayo, viganja au kucha. Uadimu huo una hasara yake, kwani mtu akiona doa jeusi kisiginoni hudhani ni damu iliyovilia au sugu, naye hukaa nalo hadi saratani inapofika kwenye tezi za kinena.

Kinachoharibika ndani ya seli

Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli. Baadhi yake huiambia seli lini igawanyike na lini itulie. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba katika melanoma nyingi jeni moja iitwayo BRAF imebadilika. Kwa kawaida badiliko hilo huwa mahali pamoja tu, kwenye nafasi ya 600 ya protini yake, ambapo asidi amino ya valini huondoka na nyingine kushika nafasi yake. Badiliko dogo kiasi hicho linatosha kuifanya BRAF kama swichi ya taa iliyokwama: amri ya kugawanyika haizimiki tena.

Kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya, karibu nusu ya melanoma za ngozi zina badiliko hili. Kwa Wajapani ni takriban robo hadi theluthi tu. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mwili wa Mjapani una BRAF ya namna yake. Mahali saratani inapoanzia ndipo penye uzito zaidi. Kijana wa Kijapani mwenye melanoma mgongoni ana uwezekano mkubwa wa kukutwa na badiliko la BRAF, lakini katika melanoma za unyayo badiliko hilo ni la wachache. Huko hukutwa zaidi mambo mengine: mabadiliko ya jeni ya NRAS au KIT, au vipande vizima vya kromosomu vilivyokatika na kuungwa ovyo, hata jeni moja ikajirudia mara nyingi. Alama zinazoachwa na mionzi ya jua kwenye jeni ni chache.

Kama si jua, basi ni nini? Jibu kamili bado halijapatikana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Shinshu walionyesha kwamba melanoma za unyayo hujitokeza zaidi katika sehemu zinazobeba uzito wa mwili, kama kisigino na sehemu ya mbele ya unyayo, kuliko kwenye upinde wa katikati usiogusa ardhi sana. Hiyo ni dalili nzuri ya kufuatilia, ingawa haithibitishi kwamba kutembea huleta saratani.

Je, watoto wangu watairithi?

Hili ndilo swali linalowanyima wagonjwa usingizi. Mabadiliko ya BRAF, NRAS na KIT tuliyoyataja hutokea ndani ya seli za uvimbe katika maisha ya mgonjwa. Hayamo katika mbegu za uzazi, wala hayapitishwi kwa watoto. Melanoma ya kurithi ipo, lakini ni ya watu wachache.

Kipimo kwanza, dawa baadaye

Dawa zinazozuia BRAF hutolewa kwa vidonge, mara nyingi pamoja na dawa ya pili inayozuia protini ya MEK. Humfaa mgonjwa ambaye uvimbe wake una badiliko la BRAF. Akipewa asiye na badiliko hilo, dawa hizo zinaweza hata kuichochea saratani, na ndiyo maana kipande cha uvimbe hupimwa jeni kwanza. Tangu Juni 2019 bima ya afya ya taifa ya Japani inagharamia pia kipimo kinachochunguza jeni nyingi kwa pamoja, kwa wagonjwa wanaotimiza masharti.

Njia nyingine ni kuiamsha kinga ya mwili. Protini ya PD-1, inayoizuia kinga hiyo, iligunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo wa Chuo Kikuu cha Kyoto, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Julai 2014 Japani iliidhinisha nivolumab, dawa inayoizuia PD-1, kwa melanoma isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji. Inasikitisha kwamba melanoma za unyayo na kucha huitikia dawa hii kwa uchache kuliko zile za jua. Sababu moja inayodhaniwa ni kwamba zina mabadiliko machache ya jeni, hivyo kinga haipati cha kutosha cha kuzitambulia.

Tazama nyayo zako

Kwa hiyo upasuaji wa mapema bado ndio tiba yenye tumaini kubwa kuliko zote. Profesa Toshiaki Saida na wenzake wa Shinshu waliwafundisha madaktari kutazama doa la unyayo kwa kioo cha kukuza chenye taa. Rangi ikifuata mifereji ya ngozi, mara nyingi ni doa la kawaida. Ikikaa juu ya matuta yaliyo kati ya mifereji hiyo, melanoma hushukiwa.

Nyumbani, baada ya kuoga, kagua nyayo, viganja, katikati ya vidole na kucha. Mzee asiyeweza kuinama akaguliwe na mwanawe au mjukuu. Wenye ualbino waendelee pia kujikinga na jua kila siku, kwani saratani zao nyingi za ngozi hutokana nalo. Doa jipya linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja, mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha, au kidonda cha mguu kisichopona, vyote vinahitaji daktari wa ngozi. Usilikate wala kulichoma doa hilo, na usilipake dawa ya kuunguza. Ukiambiwa ni melanoma iliyosambaa, muulize daktari wako kama uvimbe umepimwa jeni ya BRAF kabla hujaanza dawa.