Mafuta ya Karafuu na Siki Katika Kuua Magugu



Wanachama kadha wa kadha wametuuliza kama ni kweli kwamba mafuta ya karafuu huua magugu, na ikiwa ni kweli, kwa nini sisi wenye karafuu tunaendelea kuvunjika migongo kwa kupalilia. Jawabu ni kuwa ni kweli, lakini si kwa magugu yote, wala si bila ya hatari. Mengi ya haya nitakayoyaeleza niliyajaribu mwenyewe, tena si Pemba bali Arusha, kwenye ua wa binti yangu aliyeolewa huko chini ya mlima Meru. Nilikwenda kumtazama, nikachukua na chupa ya mafuta ya makonyo kuwa ni zawadi ya kwetu.

Nilipofika nilikuta kando ya ukuta na njia ya gari imejaa mimea ya kijani, majani yake yamechanika-chanika mfano wa majani ya karoti, na juu yake vijiua vyeupe vidogo. Wenyewe wanaliita gugu karoti. Gugu hili asili yake ni nchi za joto za Amerika, na lilionekana Arusha mwaka 2010. Tangu hapo limeenea kando ya barabara na kuingia katika mashamba na malisho. Mche mmoja huweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000, nazo hupanda katika matope ya magurudumu, katika mchanga wa kujengea, na katika majani ya mifugo. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mtu akilishika kila siku kwa mikono mitupu, ngozi huweza kumuwasha na kutoka vipele, na wengine huwabana kifua. Mjukuu wangu wa kike, ambaye kazi yake ilikuwa kung'oa majani kila Jumamosi, alikuwa na vipele mpaka kwenye viwiko. Baba yake alitaka kununua dawa kali ya dukani, mama yake akakataa kwa sababu ya kuku na watoto. Ndipo nikasema, "Ngojeni, mimi ninayo dawa."

Sasa tutazame dawa yenyewe inavyofanya kazi. Ndani ya mafuta ya karafuu, yawe ya maua, ya majani au ya makonyo kama yale yanayokamuliwa katika kiwanda cha Wawi, sehemu kubwa ni kitu kiitwacho eujenoli. Ndicho kinachotoa ile harufu na kile kinachotia ganzi jino. Eujenoli ikigusa jani hupasua ngozi nyembamba za chembechembe za jani, maji ya ndani yakavuja, na jani likanyauka kama lililomwagiwa maji ya moto. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Thomas Tworkoski, alitangaza matokeo ya kujaribu mafuta ya mimea 25, na karafuu ilikuwa miongoni mwa yaliyoshinda yote kwa kuunguza majani. Siki nayo hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa njia ya ukali wake.

Basi hapa ndipo penye neno la kushika: dawa hizi huunguza pale zilipogusa tu. Haziteremki mizizini. Gugu changa, lenye majani mawili matatu, hufa moja kwa moja kwa kuwa halina akiba. Gugu kubwa huungua juu, na baada ya majuma mawili huchipua tena chini. Ama ndago na ukoka, usijisumbue. Ndago ina viazi vyake chini ya ardhi, nawe utamaliza mafuta ya thamani na ndago ikakucheka.

Namna ya kuchanganya ni hii. Chukua lita moja ya maji, tia mafuta ya karafuu mililita 50, yaani kama vijiko vitatu vya chakula na zaidi kidogo, kisha tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji. Sabuni ndiyo inayoyapatanisha maji na mafuta, na ndiyo inayoifanya dawa ishike juu ya jani. Tikisa, pulizia, kisha tikisa tena, maana ukiacha kidogo mafuta huelea juu. Jani lilowe lote mpaka litone. Mwenye siki aweza kutumia siki ya kawaida ya jikoni, ambayo ukali wake ni kiasi cha asilimia 5, bila ya kuitia maji, pamoja na sabuni ile ile. Yako maji makali ya siki ya asilimia 20 na zaidi yanayouzwa kwa kazi za viwandani. Hayo hubabua ngozi na huweza kupofua jicho, nami siwashauri wanachama kuyaweka nyumbani hata kidogo.

Mara ya kwanza nilipulizia asubuhi ya mwezi wa Julai, nikasahau kuwa Arusha si Wete. Julai ya huko ni baridi, na mawingu yanaweza kuufunika mlima mpaka adhuhuri. Siku ya pili magugu yalikuwa vile vile, na mkwe wangu, kwa adabu yake, hakusema neno. Dawa hii hutaka jua kali na jani kavu, na siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua. Nilingoja siku ya jua, nikarudia saa tano, na ilipofika alasiri miche michanga yote ilikuwa imelala na kugeuka rangi ya tumbaku. Ile mikubwa iliungua majani ya juu tu.

Kwa hiyo mikubwa tuliing'oa. Kwa gugu karoti hakuna njia ya mkato: hung'olewa kabla halijatoa maua, baada ya mvua ardhi ikiwa laini, mzizi wote utoke, na mng'oaji avae glavu, shati la mikono mirefu na kitambaa puani. Kulifyeka ni kazi bure, kwani huchipua na kutoa maua upya. Dawa tuliibakisha kwa ile miche inayoota nyuma yake, na hiyo ndiyo kazi inayoiweza.

Sasa nieleze kosa langu. Baada ya kupulizia, mafuta yaliyosalia niliyatia katika chupa ya soda, nikaiweka chini ya kiti barazani, nikaenda kunawa. Niliporudi, mjukuu wangu mdogo wa miaka miwili alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili na kifuniko kimekwishalegea. Nilimpokonya kwa nguvu mpaka akalia. Binti yangu akaniuliza, "Baba, si umesema ni dawa ya asili?" Sikuwa na la kumjibu. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa, hata vijiko viwili vidogo vya chai, yanaweza kumzimisha mtoto mdogo, kumtia degedege na kuharibu ini lake. Sisi tumeyazoea kwa kuwa tumelelewa nayo, tunamtia mtu kwenye jino, tunamsugua mgongo, tukadhani hayana neno.

Basi yawekwe katika chupa ya kioo ya rangi, yenye kifuniko cha kukaza na karatasi iliyoandikwa jina lake, kabatini na chini ya ufunguo. Vyombo vingine vya plastiki huliwa na mafuta haya vikavuja. Ikitokea mtoto ameyanywa, msimtapishe, maana yanaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe ili daktari aione. Yakiingia jichoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mwende kwa daktari. Wakati wa kupuliza vaeni miwani, glavu na viatu vya kufunika. Watoto, kuku na paka wakae mbali mpaka majani yakauke. Kibwawa cha samaki au kisima kikiwa karibu, msipulizie hapo, kwani mafuta ya karafuu huwalevya samaki, na wataalamu huyatumia makusudi kwa kazi hiyo. Hata pareto, ambalo ni ua la shambani kama karafuu, huua samaki na nyuki.

Wako watu wanaoongeza chumvi katika siki. Chumvi huua kweli, lakini haiondoki. Hubaki ardhini na mahali pale hapaoti mchicha wala mnanaa kwa muda mrefu, nasi watu wa visiwani tunaijua adha ya ardhi iliyoingia maji ya bahari. Na jambo la hatari kuliko yote ni kuchanganya siki na dawa ya kung'arishia nguo. Hutoka hewa ya klorini inayochoma mapafu. Bomba lililotumiwa kwa hiyo lioshwe sana kabla halijatiwa siki.

Mwanachama atauliza, je, nipulizie chini ya mikarafuu? La. Kwanza gharama: kwa lita moja ya dawa utapata ua mdogo tu, na ekari moja itakula mafuta yenye thamani kuliko kibarua wa kupalilia. Pili, dawa hii haichagui. Mche wa mkarafuu katika kitalu utaungua sawasawa na gugu, kwa hiyo kitaluni ni mkono tu. Mahali pake ni nyufa za baraza, kando ya ukuta, njia ya mawe, na pembezoni mwa sakafu ya kuanikia, mapema kabla ya msimu, kisha paoshwe kwa maji mengi. Juu ya sakafu yenyewe siki isitumike, kwa kuwa hula saruji. Kwenye nyufa, birika la maji yanayotokota hufanya kazi ile ile bila ya gharama, ila mmiminaji avae viatu.

Huko Marekani, tangu mwaka 1996, mafuta ya karafuu yamo katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuuzwa kuwa dawa ya magugu bila ya kuandikishwa. Isidhaniwe kuwa ruhusa hiyo inafika kwetu. Upande wa bara, dawa zote za mimea husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yapo Ngaramtoni, Arusha, na iliundwa kwa sheria ya mwaka 2020 ikarithi kazi za taasisi ya utafiti iliyojulikana kwa jina la TPRI. Zanzibar, kilimo si jambo la Muungano, na mtu anayetaka kutengeneza dawa hii kwa kuuza aende kwanza Wizara ya Kilimo. Anayejichanganyia lita moja kwa ua wake ana shughuli nyingine.

Nilipoondoka Arusha nilipiga viatu vyangu brashi na kukung'uta mikunjo ya suruali kabla ya kufunga sanduku, mbegu ya gugu karoti isije ikasafiri nami hadi Pemba. Mwanachama anayepokea vitunguu, viazi au majani ya mifugo kutoka huko na atazame magunia yake, na akiona mche wenye majani ya karoti pale asipopanda karoti, aung'oe kwa glavu na ampelekee habari bwana shamba. Binti yangu ameniandikia juzi kuwa vipele vya mtoto vimekauka, na kwamba ile chupa ya kioo ipo juu ya kabati, imefungwa, na ufunguo anao yeye.