Kila Wiki Nne, Jumanne

Koo limepona, mtoto karudi kwenye mpira barabarani Buyenzi, Bujumbura. Wiki mbili tatu zikipita, goti linavimba. Linapoa, kinavimba kifundo cha mguu wa pili. Bibi anasema anakua. Hospitali wanaandika herufi tatu, RAA, kifupi cha Kifaransa cha homa ya baridi yabisi.

Kilichotokea ni hiki: bakteria aitwaye streptokoka alipoingia kooni, askari wa mwili waliishika sura yake ili wampige. Bahati mbaya sura hiyo inafanana na vitu vilivyomo kwenye moyo, viungo na ubongo, basi wakageuka kupiga nyumba wanayoilinda. Goti hupona. Vali ya moyo hubaki na kovu, na kila koo jipya la streptokoka huweza kuanzisha vita upya. Ndiyo maana utapewa ratiba ya sindano.

1. Hesabu wiki, usihesabu mwezi. Penisilini ya benzathini (kwenye nchi zinazotibu kwa Kifaransa wengi huiita Extencilline) huchomwa kila siku 28, na wengine hupangiwa siku 21. Ukianza Jumanne, itaangukia Jumanne daima. Kwa ratiba ya siku 28, mwaka ni sindano 13. Anayesema "kila mwezi" atapata 12, tena huku akisogeza siku mbili tatu kila mara, na dawa ikiwa imepungua mwilini. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani, uzungushie Jumanne zote za sindano kwa kalamu nyekundu leo hii, hadi Desemba.

2. Inauma, usimwambie haiumi. Akishakukamata na uongo mara moja, sindano ya pili utamfukuza mtaa mzima. Mwombe muuguzi alishike bomba mkononi kwanza lipate joto, abonyeze mahali pa kuchoma kama sekunde kumi, kisha aisukume dawa polepole. Muulize pia kama inaweza kuchanganywa na lidokaini. Baada ya hapo kaeni kituoni kidogo, maana mzio, ingawa ni nadra, haubishi hodi. Njiani kurudi, sambusa ya moto. Hiyo si rushwa, ni mkataba.

3. Usidanganywe na afya yake. Hapa ndipo wengi tunapoteleza: mtoto anakimbia, anakula ugali na ndagala, sindano ya nini? Kule kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 ambao moyo ulikuwa na dalili za mwanzo tu, zinazoonekana kwa ekografia. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Waliochomwa penisilini, moyo ulizidi kuharibika kwa asilimia 0.8 yao. Wasiochomwa, asilimia 8.2. Kwa macho, watoto wa makundi yote mawili walionekana wazima.

4. Mkono unaocheza wenyewe si utundu. Miezi kadhaa baada ya koo, wakati hakuna anayelikumbuka tena, mtoto anaweza kuanza kuangusha vikombe, kukunja uso, kulia bila sababu. Fungua daftari lake: mwandiko wa Januari umesimama, wa Aprili unatambaa kama mdudu aliyetoka kwenye wino. Hii ni korea ya Sydenham, inayoitwa kwa jina la daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1686. Shuleni atachapwa, mtaani watasema majini. Dua isomwe, sina ugomvi nayo, ila isomwe mkiwa mmeshatoka kwa daktari. Na mwalimu aambiwe mapema, kwa karatasi yenye muhuri.

5. Koo la nduguye ni koo lake. Wanaolala kitanda kimoja hugawana kila kitu. Ndugu akipata homa na koo la ghafla, tezi za shingo zimevimba, wala hana mafua wala kikohozi, apelekwe siku hiyo hiyo. Akiandikiwa vidonge vya siku 10 ni siku 10, siyo vile sita unavyohesabiwa farmasi kulingana na noti uliyoshika.

6. Kilimi kiacheni, msikikate mtoto akiumwa koo. Streptokoka hukaa kwenye mafindofindo. Ukikikata kilimi yeye hana habari, mtoto ndiye anayetoka damu.

7. Jiandae na gharama. Tangu mwaka 2006 Burundi inawatibu bure watoto chini ya miaka 5. Homa hii inapenda kati ya miaka 5 na 15, yaani inabisha hodi pale pale msaada unapoishia. Kama una bima ya kazini au kadi ya CAM (ya msaada wa matibabu), hakikisha jina la mtoto limo kabla hujalihitaji. Upasuaji wa vali hufanyika Kigali na Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sindano 13 ni rahisi kuliko hata nauli.

8. Meno pia. Bakteria wa fizi huweza kuhamia kwenye vali yenye kovu. Mswaki mara mbili, na daktari wa meno aambiwe habari za moyo kabla hajashika koleo.

9. Akifika miaka 14, mpe kalamu nyekundu. Safari ni ndefu: hata moyo usipoguswa, kawaida ni miaka 5 au hadi atimize 21, kutegemea lipi linachelewa; vali ikibaki na kovu, madaktari hutaja hata umri wa miaka 40. Vali ikiwa imeharibika sana, uliza kama vidonge vya kila siku vinamfaa zaidi kuliko sindano. Akienda kusoma Gitega, aende na kijitabu chake na ajue Jumanne zake. Kwa msichana kuna la ziada: mimba humwongezea moyo mzigo, basi aonane na daktari wa moyo kabla ya harusi, siyo tumbo likiwa la miezi saba.